Fenda ya Peugeot 504: Iliyotumika, ya Kuagiza, na Iliyofuliwa kwa Mkono

Kwa muda wa miezi kumi na minne nimekuwa nikitafuta fenda moja tu ya gari, yaani bati la ubavuni linalofunika tairi, ile ya mbele upande wa kushoto, ya Peugeot 504 GL ya mwaka 1979 aliyoniachia marehemu baba. Katika muda huo nimenunua fenda iliyotumika kutoka Nairobi, nimeagiza mpya ya kuigiza kutoka Ulaya, na mwishowe nimempelekea fundi wa bodi wa Changamwe, hapa Mombasa, fenda ileile ya zamani niliyokuwa nimeshaikatia tamaa, naye akaifua upya sehemu ya chini kwa nyundo na mkono. Njia zote tatu nimezilipia kutoka mfukoni mwangu, na kila ninapoegesha gari hili mjini hakosi mtu wa kuniuliza fenda niliipata wapi. Kwa hiyo nimeona niandike tathmini kamili, bila kuficha yaliyonikera hata kwa fundi ninayempendekeza.

Gari lenyewe linastahili taabu hii. Peugeot 504 ilionyeshwa kwa umma mwaka 1968, umbo lake likiwa limebuniwa na Pininfarina wa Italia, na mwaka uliofuata ikatangazwa Gari la Mwaka la Ulaya. Huku kwetu haikuhitaji tuzo hiyo ili ipendwe. Ove Andersson alishinda nayo Safari Rally mwaka 1975, Jean-Pierre Nicolas akashinda mwaka 1978 kwa ile ya milango miwili yenye injini ya V6, na waliosafiri kati ya Nairobi na miji ya Bonde la Ufa katika miaka ya 1980 hawajazisahau stesheni wagoni zake zenye safu tatu za viti. Ufaransa iliacha kuunda saluni zake, yaani zile za kawaida za milango minne, mwaka 1983, lakini kiwanda cha Kaduna, Nigeria, kilichofunguliwa mwaka 1975, kiliendelea kwa miaka mingi baadaye, na Argentina haikuacha hadi mwaka 1999. Kwa sababu hiyo vipuri vya injini, breki na springi havijawahi kunitoa jasho. Kinachozizika 504 za pwani ni bati, na zaidi ya yote fenda za mbele.

Anayetaka kununua fenda hana budi kwanza kuelewa jinsi inavyooza, kwa maana hapo ndipo atakapojua ni sehemu gani ya kuangalia. Nyuma ya tairi la mbele, kati ya fenda na nguzo inayobeba bawaba za mlango, pana mfuko mwembamba ambao hauonekani kutoka nje. Tope linalorushwa na tairi hupanda humo, likakauka nusu, likalowa tena kwa mvua inayofuata, na kwa hapa Mombasa hewa yenyewe ina chumvi, hivyo tope hilo halikauki kamwe sawasawa. Kutu huanza ndani na kusafiri kuja nje. Rangi inapoanza kutoa vijipu juu ya ukingo wa chini, upande wa ndani tayari bati limebaki kama kaki. Tena, kwa kuwa tunaendesha upande wa kushoto, tairi la kushoto ndilo linalopita kwenye madimbwi ya kando ya barabara, na sijaona hata 504 moja ya pwani ambayo fenda yake ya kulia imeoza kabla ya ile ya kushoto. Habari njema ni kwamba fenda za mbele zimefungwa kwa bolti. Mtu mwenye spana, mafuta ya kulainisha kutu na subira anaweza kuifungua asubuhi moja bila kuchoma chochote, na hivyo kuibeba chini ya kwapa akatafuta inayofanana nayo.

Nilianza na iliyotumika, kama wengi wanavyoanza. Muuzaji alikuwa Nairobi, kando ya Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan, na fenda ilikuwa imetoka kwenye pikapu. Hilo halikunisumbua, kwa sababu uso wa pikapu na wa saluni ni mmoja, na fenda ya mbele ya pikapu huingia kwenye saluni. Alinitumia picha nne kwa simu, zote zimepigwa juani, fenda imepakwa praima, ile rangi ya msingi, ya kijivu na inapendeza. Nikatuma shilingi 14,000, ikaletwa kwa basi la usiku, na asubuhi nikaipokea kituoni ikiwa imefungwa kwa gunia.

Nilipofika nyumbani nilichukua sumaku ndogo iliyokuwa imeshikilia kalenda kwenye friji, nikaifunga kitambaa isikwaruze, nikaitembeza juu ya bati kutoka mbele kwenda nyuma. Kuizunguka taa ilishika vizuri. Juu ya tao la tairi ilishika. Nilipoishusha nyuma ya tairi, upana wa viganja viwili kutoka chini, ikaanguka sakafuni. Nilirudia mara tatu, ikaanguka mara tatu. Nilikwangua pale kwa bisibisi na kukuta puti, ile rojo ya kuzibia bati inayokauka ikawa ngumu, ya unene wa kidole, na nyuma ya puti kipande cha bati la kuezekea kilichobanwa kwa ribiti juu ya shimo. Yaani fenda niliyoinunua ilikuwa imeoza mahali palepale ilipooza yangu, tofauti ikiwa ni kwamba ugonjwa wake ulikuwa umepakwa rangi. Muuzaji alipopigiwa alisema kwamba yeye huuza kitu jinsi kilivyo, na mazungumzo yakaishia hapo.

Sitaki msomaji aelewe kwamba fenda zilizotumika ni mbaya zote. Bati halisi la kiwanda, likiwa zima, halina mshindani, na magari yaliyoishi maisha yake yote Nakuru au Nyahururu hayajui chumvi ya bahari. Ninachosema ni kwamba fenda iliyotumika hainunuliwi kwa picha. Nenda mwenyewe, beba sumaku na tochi, igeuze uitazame kwa nyuma, kwa maana upande wa nyuma hakuna anayehangaika kuupamba. Ukiona praima mbichi mbele na lami mbichi nyuma, weka pesa zako mfukoni. Na ikiwa unatafuta milango badala ya fenda, uliza kwanza imetoka kwenye gari la aina gani: milango ya mwanzo ina vishikio vya kubonyeza na ya baadaye ina vishikio vilivyozama ndani ya bati, na mlango wa nyuma wa stesheni wagoni hauingii kwenye saluni hata kwa nyundo, kwa sababu stesheni wagoni ina mita 2.90 kati ya ekseli na ekseli, wakati saluni ina mita 2.74.

Njia ya pili ilikuwa kuagiza. Wapo wauzaji wa Ulaya wanaouza fenda mpya za kuigiza, zilizokandamizwa na viwanda ambavyo havina uhusiano na Peugeot, na yule niliyemchagua alizisifu kwamba zinaingia bila marekebisho. Bei yake ilikuwa ya kustahimilika. Kusafirisha na ushuru vilikaribia kulingana nayo, kwa sababu fenda ni kitu chepesi lakini kikubwa, na wasafirishaji huhesabu nafasi inayochukuliwa kama wanavyohesabu uzito. Ilifika baada ya wiki kumi na moja, kona moja ya katoni imeminywa na ncha ya chini ya bati imepinda nayo.

Nitaitendea haki fenda hiyo. Haikuwa na kutu popote, kingo zake zilikatwa vizuri, na tao la tairi lilikuwa na mviringo sahihi. Lakini nilipoipima kwa kalipa nikapata unene wa milimita 0.7, na bati zima la fenda ya kiwanda, nililolikwangua hadi rangi yote ikatoka, lilinipa 0.9. Tofauti hiyo ni ndogo kwa maandishi. Ukibonyeza kwa kidole gumba katikati ya fenda unaisikia, kwa kuwa hii ya kuigiza hubonyea na kurudi kwa mlio kama wa kifuniko cha debe. Matundu mawili ya bolti hayakukutana na ya gari. Hilo lingesameheka. Lisilosameheka ni mdomo wa taa. Taa za 504 zina pembe zilizolala, zinazolipa gari lile jicho lake la kutazama mbali, na fenda huzikumbatia kwa ukingo unaorudi nyuma taratibu. Kwenye fenda hii ukingo huo ulikuwa umesimama zaidi, na pengo kati yake na taa lilianza na milimita tatu juu likaishia na tisa chini. Niliposimama mbele ya gari nikaona jicho moja la baba yangu na jingine la mgeni.

Muuzaji aliandika kwamba fenda za magari ya zamani kwa kawaida huhitaji kurekebishwa kidogo, jambo ambalo hakulisema kabla ya kupokea pesa, na akakubali kurudisha theluthi ya bei. Nilipokea. Ningemshauri mwenye 504 aagize fenda ya aina hii iwapo tu ile yake imegongwa mbele na haina tena cha kuokolewa, na awe na fundi tayari wa kuifanyia kazi. Tena asidhani kwamba ile rangi nyeusi inayokuja nayo ni praima. Ni kinga ya safarini, na ni vyema ikwanguliwe kabla ya kupaka chochote.

Karakana ya Changamwe nilielekezwa na dereva wa lori. Haina bango. Ni banda la mabati lenye mwembe mbele yake, gogo la mti lililochongwa mfereji juu, mfuko wa ngozi uliojazwa mchanga, mitungi miwili ya gesi, na ukuta uliotundikwa nyundo za mbao na za chuma zisizopungua ishirini. Mwenyewe ni mzee wa miaka sabini na kitu, anayefanya kazi na wajukuu wawili. Nilikuwa nimempelekea ile fenda ya kuigiza nikitaka anisahihishie mdomo wa taa, na ile ya zamani niliibeba ili aitumie kama kielelezo tu. Aliishika ya zamani, akaigeuza, akapitisha kiganja kwenye ukingo wa taa na kuteremka nacho hadi kwenye matundu.

"Mwanangu, hii ya baba yako kichwa chake kizima," akasema. "Iliyooza ni miguu. Kwa nini umnunulie mtu kichwa kipya ilhali anaumwa miguu?"

Nikamwambia, "Mzee, nimeambiwa haifai tena."

"Waliokuambia wanauza fenda."

Hayo ndiyo maoni yaliyobadilisha kazi yote, na baada ya kuona matokeo nayatetea kwa nguvu zangu zote: sehemu ngumu ya fenda hii ni ile ya juu na ya mbele, ambako bati limepinda kwa pande mbili kwa wakati mmoja, na ambako kosa la milimita tatu huonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Sehemu inayooza ni ya chini, na ya chini ni rahisi kiasi. Anayetupa fenda nzima kwa sababu ya theluthi ya chini anatupa kile asichoweza kukinunua ili akwepe kile kinachoweza kutengenezwa.

Kielelezo alikichukua kutoka upande wa kulia wa gari, ambao ulikuwa mzima bado. Alikata vipande vya katoni, akavisimamisha juu ya fenda ya kulia kila baada ya sentimita kumi, akavichonga kwa mkasi hadi kila kipande kikalala juu ya bati bila mwanga kupita chini yake, kisha akavigeuza ili viwe vya upande wa kushoto na kuviandika namba. Bati lililotumika nilikwenda kulinunua na mjukuu wake: bati la chuma lisilopakwa zinki, geji 20, ambayo ni karibu milimita 0.9. Nilipouliza kwa nini tusitumie lile la kung'aa lisiloshika kutu, alinieleza kwamba zinki ikichomwa hutoa moshi unaomletea mchomeleaji homa, na kwamba mabati ya kuezekea ni makavu, yanapasuka kabla ya kukubali umbo.

Siku mbili nilikaa kwenye benchi lake nikitazama, na ninaona fahari kuwa nilikaa. Uvimbe wa bati aliufua juu ya mfuko wa mchanga kwa nyundo ya mbao, akianza pembeni na kuzunguka kuelekea katikati, mapigo mengi mepesi badala ya machache mazito. Kila baada ya dakika chache alikisimamisha kipande na kukijaribu kwa katoni namba moja, namba mbili, namba tatu. Palipozidi kuvimba alipasha moto kwa gesi sehemu ndogo kama shilingi hadi ikawa nyekundu, akaigonga kuizunguka, akaizima kwa kitambaa chenye maji, na bati likajivuta kama kitambaa kilichooshwa. Ukingo unaokunjwa ndani alikunja juu ya mfereji wa lile gogo.

Kuunganisha ndiko kulikonipa imani zaidi. Mafundi wengi hulaza bati jipya juu ya la zamani na kuchomelea ukingo, kazi inayokwisha upesi na ambayo huacha mfuko mwingine wa maji katikati ya mabati mawili. Huyu alikata bati bovu kwa mstari mmoja hadi kwenye chuma safi, akakutanisha kingo uso kwa uso, akachomelea kwa vidoto vidogo, kimoja huku na kingine kule, akipumzika kati ya kidoto na kidoto ili joto lisipinde fenda. Baada ya kila kidoto alikigonga kikiwa bado na joto, huku ameshika kipande kizito cha chuma nyuma yake. Kiungo chote kina urefu wa sentimita hamsini na tano, na kilichukua siku nzima.

Jioni alimwaga maji juu ya fenda yote ili bati ling'ae kama lililopakwa rangi, akachuchumaa, akatazama mstari wa mwanga wa taa ya banda ukitembea kutoka kwenye taa ya gari hadi kwenye mlango. Mahali pawili mstari ulitetemeka. Alipaweka alama kwa chaki, akapagonga, akamwaga maji tena. Puti iliyotumika mwishowe haikufika milimita moja. Sumaku yangu ya friji inashika kutoka mwanzo hadi mwisho.

Sasa lawama. Aliahidi wiki tatu, kazi ikachukua nane, na katika hizo nane zipo tatu ambazo fenda yangu haikuguswa kwa sababu lilikuja basi la mtu mwenye haraka. Hilo aliniambia nilipouliza, bali hakupiga simu kunijulisha. Tundu la taa ndogo ya ubavuni lilitobolewa sentimita moja chini ya lilivyo la kulia, likabidi lizibwe na kutobolewa upya. Hakuna risiti, hakuna dhamana ya maandishi, na bei ilipanda kutoka shilingi 30,000 hadi 36,000 kwa maelezo ya gesi kupanda. Pia hapaki kinga yoyote upande wa nyuma wa bati usipomwomba, na kwa pwani hilo ni kosa kubwa, kwani fenda yoyote isiyokingwa nyuma itarudi katika hali ileile. Nilinunua mwenyewe praima ya kuzuia kutu na nta, tukapaka tabaka mbili za praima, na nta tukainyunyiza ndani ya ule mfuko wa nyuma ya tairi baada ya fenda kufungwa. Atakayekwenda kwake akubaliane bei na tarehe mbele ya mtu wa tatu, na apeleke picha ya upande mzima yenye vipimo vya kila tundu.

Matokeo ni haya. Pengo kati ya fenda na mlango ni milimita nne juu na nne na nusu chini. La boneti ni sawa kwa urefu wake wote. Taa imekaa mahali pake. Mvua za masika zilizopita gari lilikuwa linatumika kila siku kati ya Mikindani na mjini, na mwezi Julai nilifungua fenda makusudi kuitazama kwa nyuma. Tope lilikuwepo, nta ilikuwepo, kiungo kilikuwa kikavu na hakikuwa na hata doa la hudhurungi. Mjomba wangu, aliyeliendesha gari hili na baba tangu lilipokuwa jipya, alilizunguka mara mbili akauliza ni upande upi uliotengenezwa.

Fenda ya kuigiza nimeiuza kwa mtu wa Malindi aliyegongwa mbele, baada ya kumwonyesha ule mdomo wa taa na kumwambia kila kitu. Ile ya Nairobi niliikata. Sehemu yake ya taa na ya juu zimehifadhiwa kwa mafuta, kwa kuwa ni bati halisi na ipo siku zitahitajika. Fenda ya kulia imeanza kutoa vijipu viwili vidogo juu ya ukingo wa chini, na vielelezo vya katoni bado vimetundikwa Changamwe na namba zake. Nimeshalipa nusu, bati nimenunua, na tarehe imeandikwa ukutani kwa chaki.